POKA SI KAMARI? Jibu kwa Wanaowafundisha Vijana Wetu Kuchagua Karata

Bismillahir Rahmanir Rahim



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake na Maswahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu zetu katika imani, limezuka neno miongoni mwa vijana wetu, na baadhi ya wazee wameanza kulikubali bila ya kulipima. Neno lenyewe ni hili: kubeti mpira ni kamari na ni haramu, hilo hatulipingi, lakini mchezo wa karata uitwao poka si kamari, kwa sababu ni mchezo wa akili na hisabati. Kijana anakesha na simu yake, na ukimuuliza anasoma nini anakujibu kwamba anasoma hesabu. Ukichungulia unaona kweli zimejaa asilimia, jedwali na maneno kama "masomo kwa wanaoanza". Mzazi aliyelipa karo kwa taabu anafurahi moyoni na kusema alhamdulillahi, mwanangu ana bidii.

Katika makala hii tunataka kulijibu neno hilo. Na hatutajibu kwa kupiga kelele ya "haramu, haramu" kisha tukaondoka, maana kijana wa leo ukimpigia kelele huziba masikio. Tutayachukua masomo yao wenyewe, tuyaeleze kwa uadilifu kama yanavyofundishwa, kisha tuyapime kwa hisabati yao na kwa dini yetu. Atakayetaka kubisha baada ya hapo abishe akiwa anajua anachokitetea.

POKA NI NINI?

Poka ni mchezo uliokulia Marekani katika karne ya 19, kwenye mji wa New Orleans na katika meli za mto Mississippi. Aina inayochezwa zaidi leo inaitwa Texas Hold'em, na bunge la jimbo la Texas limeutambua mji mdogo wa Robstown kuwa ndipo ilipozaliwa mwanzoni mwa karne ya 20. Kuanzia mwaka 1970 mjini Las Vegas yamekuwa yakifanyika mashindano makubwa ya mchezo huu kila mwaka.

Namna yake ni hii. Karata ni zile zile 52 tunazozijua: kopa, uru, shupaza na pau. Kila mchezaji anapewa karata mbili za siri. Kabla ya hapo watu wawili mezani wamekwisha kulazimishwa kuweka dau, mmoja dogo na mwingine kubwa, hata kabla hawajaziona karata zao. Kisha kila mmoja kwa zamu yake anachagua: atupe karata zake, alipe sawa na dau lililopo, au apandishe dau. Halafu zinawekwa wazi mezani karata tatu za pamoja, wanaziita flopu. Kisha moja, wanaiita tani. Kisha ya mwisho, wanaiita riva. Kila hatua ina dau lake, hivyo mizunguko ya kuweka pesa ni minne kwa mkono mmoja tu. Mwisho anayekuwa na karata tano bora kati ya zote saba ndiye anayechukua fungu lote. Na ikiwa wenzake wote wametupa karata zao kwa kuogopa dau lake, analichukua bila ya kuonyesha chochote.

Mzazi uyashike maneno haya. Ukisikia flopu, tani na riva nyumbani mwako, ujue kinachosomwa.

MASOMO MANNE YA WANAOANZA

Somo la kwanza ni kuchagua karata za kuanzia. Wanafundisha kwamba karata mbili zinaweza kuja kwa namna 1,326, na ukiondoa tofauti za aina zisizo na maana zinabaki namna 169. Katika hizo, nyingi ni za kutupwa. Bora kuliko zote ni ree mbili. Dhaifu kuliko zote ni saba na mbili za aina tofauti, kwani ni ndogo na hata kuungana haziungani. Anayeanza anausiwa awe na subira: atupe, atupe, atupe tena, mpaka apate jozi kubwa, au ree na mfalme.

Somo la pili ni mahali unapokaa. Anayecheza mwisho amekwisha waona wenzake walivyofanya, kwa hiyo anaweza kucheza karata nyingi zaidi. Anayecheza mwanzo hajui kitu, basi atupe zaidi.

Somo la tatu ni bei ya dau. Wanasema: ikiwa fungu mezani ni shilingi 100 na mwenzako ameongeza 50, wewe unalipa 50 ili kuwania 150. Basi ukishinda mara moja katika nne hujapata hasara. Ikiwa unangoja karata moja tu ikamilishe tano za aina moja, nafasi yako ni 9 katika 46, ambayo haifiki hata moja katika tano; basi tupa.

Somo la nne ni mtu aliye mbele yako. Hapa wanafundisha kupandisha dau ukiwa huna kitu, ili mwenzako aogope akimbie. Na wanafundisha, zingatia sana hili, kuchagua meza. Mchezaji dhaifu katika lugha yao anaitwa samaki, na hodari anaitwa papa. Shauri lao maarufu kwa anayetaka faida ni kutafuta meza yenye samaki wengi, na akiona mezani hapana samaki, aondoke.

Hayo ndiyo masomo, na hatukuyapunguza. Hatusemi kwamba hisabati yake ni ya uongo. Tunasema kwamba tumeyasoma mpaka mwisho, na mwisho wake ni mbaya.

HOJA YA KWANZA: "NI AKILI, SI BAHATI"

Hii ndiyo hoja yao kubwa, na tunakubali nusu yake. Ndiyo, katika poka kuna ujuzi, na mjuzi akicheza na asiyejua kwa muda mrefu atamshinda. Lakini tazama kwanza bahati ilivyo kubwa katika usiku mmoja.

Ree mbili, ambazo somo la kwanza linamwambia kijana azisubiri, huja mara moja katika mikono 221. Mezani ana kwa ana, penye mikono kama 30 kwa saa, maana yake ni kusubiri zaidi ya saa saba kwa wastani. Zikija, akipambana na mtu mmoja mwenye karata zozote, atashinda kama mara 85 katika 100. Lakini wakibaki wapinzani wanane, nafasi yake inashuka mpaka kama 35 katika 100. Na hata akikutana na mmoja tu mwenye wafalme wawili, atashindwa karibu mara moja katika tano. Basi kijana amesubiri saa saba, ameweka pesa zake zote kwa mkono ulio bora kuliko yote duniani, na bado anaweza kuinuka bila ya nauli ya kurudi nyumbani. Ukimwuliza atasema nilicheza sawasawa ila karata zilinikataa. Hayo ndiyo maneno ya mcheza kamari tangu zama na zama.

Sasa tuje kwenye nusu ya pili. Tuseme ni akili tupu, bahati haimo kabisa. Je, jambo limekuwa jema? Bali limezidi ubaya! Pesa za mezani hazizai. Shilingi anayoinuka nayo mmoja ni shilingi aliyoipoteza mwingine. Ikiwa umezichukua kwa bahati, umekula mali ya mwenzako kwa bahati. Ikiwa umezichukua kwa ujuzi, basi umemtafuta kwa makusudi mtu usiyemfundisha, usiyemuuzia kitu, uliyekwisha jua kwamba hajui, ukamwita samaki, ukamla. Mwenye kutetea poka na achague moja kati ya mawili hayo. La tatu hakuna.

Wengine husema mbona Uislamu umeruhusu zawadi katika kulenga mishale na mbio za farasi na ngamia. Ndiyo, umeruhusu, na mafakihi wameweka masharti yake, kwani hayo yalikuwa ni mazoezi ya kuulinda umma. Kujifunza kumtambua mwenzako aliye dhaifu ili umnyang'anye kunamlinda nani?

HOJA YA PILI: "HATA BIASHARA INA HATARI"

Wanasema mfanyabiashara naye huweka mtaji asijue kama atapata au atakosa. Hii ni hoja ya kale, na jibu lake ni jepesi. Ukinunua sukari dukani, wewe unatoka na sukari na mwenye duka anabaki na pesa, kila mmoja kapata alichokihitaji. Mkulima akipata hasara mwaka huu, si kwamba jirani yake aliomba mvua isinyeshe. Katika poka hakuna sukari. Kuna watu tisa waliokuja na pesa, na wataondoka na zile zile, zikiwa zimehama mifuko na kupungua.

Tumesema zikiwa zimepungua, na hapa ndipo masomo ya wanaoanza yanapopita mbio mbio. Mwenye meza, awe ni kasino au kampuni ya intaneti, hachezi. Yeye hukata sehemu yake katika kila fungu. Tufanye hesabu. Watu tisa wamekuja na shilingi 10,000 kila mmoja, jumla 90,000. Tuseme fungu la kila mkono kwa wastani ni shilingi 2,000 na mwenye meza anakata asilimia tano, yaani shilingi 100. Kwa mikono 30 kwa saa anachukua 3,000. Baada ya saa kumi amechukua 30,000, theluthi nzima ya pesa zote zilizoletwa! Wakiendelea hivyo hivyo mpaka saa 30, zote 90,000 zimeingia kwake, na wale mahodari tisa wa hisabati wanatazamana mikono mitupu. Na kwenye simu mikono huenda kwa kasi kubwa zaidi, kwani hakuna wa kuchanganya karata.

Basi kijana wetu anayejiita papa hana habari kwamba bahari yenyewe ina mwenyewe, na anawavua wote wawili, papa na samaki.

HOJA YA TATU: "KILA MTU AMERIDHIA"

Wanasema hakuna aliyeibiwa, kila mtu kaweka pesa zake kwa hiari yake. Ndugu yangu, na mwenye kukopa kwa riba je, hakutia saini kwa hiari yake? Ridhaa ya watu wawili haikihalalishi alichokiharamisha Allah (S.W.).

Katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91, Mwenyezi Mungu ameitaja kamari pamoja na ulevi na masanamu, akaiita uchafu katika kazi ya shetani, na akatueleza sababu: shetani anataka kutia uadui na chuki baina yetu, na kutuzuia na kumkumbuka Allah na Swala. Zingatia kwamba haikusemwa kuwa ni haramu kwa sababu matokeo yake hayajulikani tu. Imetajwa chuki, na imetajwa Swala. Sasa rudi kwenye somo la nne. Mtu anakaa mbele ya ndugu yake saa nzima anamkodolea macho, si kwa kumpenda wala kumjulia hali, bali kutafuta mkono unaotetemeka na jasho la hofu, ili ajue lini amtishe kwa dau asilolimudu. Hiyo si chuki iliyovaa tabasamu? Na mchezo ambao ree mbili huja baada ya saa saba, ndani ya saa saba hizo Swala ngapi zimepita?

Mtume (S.A.W.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, amefundisha kwamba mtu atakayemwambia mwenzake njoo tucheze kamari, basi atoe sadaka. Huyu hajacheza bado! Ametamka mwaliko tu, na tayari anatakiwa aufute kwa sadaka. Vipi basi kwa anayewaandikia wenzake masomo kamili, hatua kwa hatua, ya namna ya kuanza?

HOJA YA NNE: "ANACHEZA KWA PESA ZA BANDIA"

Wazazi wengi wamelala hapa. Mtoto anasema baba, hizi si pesa, ni namba tu. Michezo hiyo ilienea sana tangu mwaka 2007 kupitia Facebook, ambako mtu alipewa sarafu za bure za kuchezea, na zikimwishia akiwa na haraka akaziongeza kwa pesa halisi.

Jiulize: ni mfanyabiashara gani anayegawa bure bila ya sababu? Sarafu ya bandia inaondoa hofu. Kijana anazoea kuweka zote kwa mkono mmoja bila ya moyo kushtuka, anashinda sana kwa kuwa wote mezani wanacheza ovyo, na anaamini kuwa ana kipaji. Siku atakapohamia kwenye pesa za kweli atawakuta waliokwisha kumngoja. Mtoto hafundishwi kuvuta bangi kwa kumpa msokoto wa majani ya chai.

HOJA YA TANO: "MBONA FULANI AMETAJIRIKA?"

Fulani wao maarufu ni Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee, Marekani. Mwaka 2003 aliingia kwenye mashindano madogo ya intaneti kwa dola 86, akapata tiketi ya mashindano makubwa ya Las Vegas ambayo kiingilio chake kilikuwa dola 10,000, akashinda dola milioni 2.5. Ni kweli, wala hatulikanushi.

Lakini hesabu ni hesabu. Mwaka huo waliingia watu 839. Habari yake ilipoenea, mwaka 2004 wakaja 2,576, na mwaka 2006 wakafika 8,773. Nani anayelijua jina la mtu wa 500 katika hao? Wala hao si wote, kwani nyuma yao wapo walioshindwa kwenye mashindano madogo ya kuwania tiketi, ambao hata Las Vegas hawakufika. Jina la mmoja limetumika kama chambo kwa maelfu, na chambo, kama anavyojua kila mvuvi, nacho ni samaki wa kweli.

HOJA YA SITA: "TUTATOA SADAKA"

Wapo wanaosema faida itajenga madrasa, na zipo kampuni za kamari zinazogawa jezi na kuchimba visima ili zionekane njema. Hili nalo lina jibu la kale. Wafasiri wametueleza kuwa Waarabu wa zama za jahilia walikuwa wakicheza kamari kwa mishale kumi, saba yenye hisa na mitatu mitupu, wakigombea nyama ya ngamia. Na washindi wao walikuwa wakiwagawia masikini nyama ile na kujifakhirisha kwayo. Kamari ya jahilia ilikuwa na sadaka ndani yake! Na Qur'ani katika Suratul Baqara, aya ya 219, haikukanusha kuwa kuna manufaa kwa watu, bali imesema kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake. Basi kisima hicho kimekwisha jibiwa zaidi ya miaka 1,400 iliyopita.

MEZA USIYOIONA

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba meza ni safi. Tuangalie sasa hiyo ya kwenye simu, ambayo hujui nani amekaa upande wa pili.

Mnamo mwaka 2007 na 2008 ilifichuka kwamba katika kampuni mbili kubwa za poka ya intaneti, Absolute Poker na UltimateBet, walikuwamo watu waliokuwa na njia ya kuziona karata za siri za wenzao. Katika kesi ya UltimateBet, tume iliyoipa kampuni hiyo leseni ilimtaja mhusika mkuu kuwa ni aliyekuwa bingwa wa dunia wa mchezo huo mwaka 1994. Bingwa! Yule ambaye masomo yangesema ana akili kuliko wote, naye aliona akili haitoshi.

Tarehe 15 Aprili 2011 serikali ya Marekani ilizifungia kampuni kubwa za poka ya intaneti. Ndipo ikajulikana kuwa kampuni ya Full Tilt ilikuwa inadaiwa na wachezaji wa dunia nzima kiasi cha dola milioni 390, na benki ilikuwa na kama milioni 60 tu. Wachezaji wa Marekani walianza kurudishiwa pesa zao mwaka 2014, nao ni raia wa nchi yenye nguvu na mahakama zake. Kijana wa Kampala, Kigali, Bujumbura au Goma aliyetuma pesa zake kwa simu kwa kampuni iliyosajiliwa kisiwani asikokujua, atamshtaki nani na wapi?

Na Januari 2017, katika mji wa Pittsburgh, programu ya kompyuta iitwayo Libratus ilicheza mikono 120,000 na wachezaji wanne wa daraja la juu na kuwashinda. Mwaka 2019 programu nyingine, Pluribus, iliwashinda mahodari katika meza ya watu sita. Ikiwa hao wanaokula na kulala na mchezo huu wameshindwa na mashine, mwanao mwenye jedwali la karata 169 anakwenda wapi? Hana hata njia ya kujua kama anayecheza naye ni binadamu.

TUFANYE NINI SISI WAZAZI?

Lawama nyingi tumewapa waandishi wa masomo hayo, lakini haki iliyobaki ni yetu. Nchini Uganda sheria ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha ya mwaka 2016 imemkataza aliye chini ya miaka 25 kucheza kamari. Serikali isiyo ya Kiislamu imeona kwamba hata kijana wa miaka 24 hajakomaa kwa jambo hili. Je, mtoto wa miaka 15 ndani ya nyumba ya Kiislamu, anayetumia laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina la baba yake, nani anamkataza? Kampuni ikitazama jina itaona ni mtu mzima wa miaka 45. Kwa maandishi, mcheza kamari ni baba.

Basi tunanasihi mambo haya:

1. Laini na namba ya siri ya pesa za simu visiwe mikononi mwa mtoto. Tazama taarifa ya miamala kila mwezi, na uliza juu ya kila jina usilolijua.

2. Zungumza naye kwa hoja kabla ya fimbo. Mpe ile hesabu ya watu tisa na shilingi 90,000 aifanye mwenyewe kwa kalamu. Anayependa hisabati kweli ataiona.

3. Mpe akili yake kazi ya halali. Anataka mchezo wa kufikiri? Bao la kete lipo, lina mashimo 32 na kete 64, na mabingwa wake hukumbuka hesabu ambazo wengi hatuziwezi, wala halihitaji hata senti moja mezani. Lakini lichezwe bila ya dau na lisiwapitishe wakati wa Swala, maana ukiliwekea pesa nalo ni kamari.

4. Anataka sehemu na asilimia? Mfundishe mirathi. Al-Khwarizmi, ambaye kitabu chake ndicho kilichoipa aljebra jina lake, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa hesabu za wasia na mirathi. Mwambie: mtu amefariki, ameacha mke, watoto wawili wa kiume na binti mmoja, gawa. Mke anapata thumuni, inayobaki inagawanywa mafungu matano, kila mwanamume mawili na binti moja. Fanya mali kuwa sehemu 40: mke 5, kila mtoto wa kiume 14, binti 7. Hiyo ni hisabati ambayo kila shilingi inamfikia mwenye haki yake, na mtaani kwetu wanaoijua sawasawa ni wachache mno. Watu wanagombana makaburini kwa kukosa mtu wa kuwagawia, na huku vijana wetu wanahifadhi nafasi za saba na mbili!

5. Aliyekwisha kuingia asifukuzwe. Anayedaiwa na kuona haya ndiye anayerudi mezani akitaraji kurudisha alichopoteza. Mlango wa toba uko wazi, na mlango wa nyumbani uwe wazi vile vile. Msaidieni kulipa deni kwa utaratibu, na pesa zipitie kwa mtu mwaminifu mpaka atulie.

Na nyinyi mnaoandika masomo hayo, hasa mliomo ndani ya umma huu, tunawauliza swali moja tu. Mnamfundisha anayeanza kwamba mezani lazima awepo samaki, na asipomwona aondoke. Ikiwa somo lenu limemfikia kijana wa msikitini petu, mwenye jedwali la kwanza mkononi na elfu kumi ya mama yake kwenye simu, akakaa kwenye meza ya wazoefu, je, samaki ni nani?

Jibu mnalijua, na mlilijua kabla ya kuandika.

Tunamuomba Allah (S.W.) atutosheleze kwa halali yake tusiihitaji haramu yake, awahifadhi watoto wetu, na awaongoze waliopotea katika njia hii. Amin.

Wabillahi tawfiq.